Mgeni wa Utafiti Apewe Jembe: Vyumba vya Miradi ya Wafadhili Katika Chuo Kikuu



Liko jambo ambalo halizungumzwi sana mikutanoni, kwa kuwa kwa mtazamo wa juu juu linaonekana dogo. Jambo hilo ni chumba. Si fedha, wala si mitaala, wala si mishahara, bali ni chumba chenye kuta nne, mlango na kufuli, katika jengo la chuo kikuu cha umma. Ni nani mwenye haki ya kukitumia? Kwa kazi gani? Kwa muda gani? Na muda huo ukiisha, ufunguo unarudi mkononi mwa nani?

Swali hili lingekuwa la wahudumu wa majengo peke yao kama chuo kikuu kisingefanya kazi nyingine ila kufundisha. Lakini chuo kikuu hufanya pia utafiti, na sehemu kubwa ya utafiti katika nchi changa hulipiwa na wafadhili: serikali za nje, mashirika ya kimataifa, na mifuko ya watu binafsi. Mfadhili huleta fedha, magari na mashine. Jambo moja haleti, nalo ni mahali. Mahali hutolewa na chuo, yaani hutolewa na mwananchi. Kwa hiyo anayezungumzia vyumba vya miradi anazungumzia mchango wa Watanzania katika utafiti, mchango ambao mara nyingi hauandikwi katika daftari lolote.

Ni vyema kukumbuka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzaje. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na ushei kabla ya Uhuru, chuo kilifunguliwa kwa wanafunzi wachache wa sheria. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chama cha wakulima na wafanyakazi kiliwapisha wasomi ili taifa lipate wanasheria wake. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970, baada ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kugawanywa, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Historia hiyo ina fundisho. Chuo hiki tangu siku yake ya kwanza kimekaa katika nafasi iliyotolewa na umma kwa shabaha maalum. Nafasi hiyo haikuwa zawadi ya mtu kwa mtu.

Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kukiletea kijiji chakula. Akikila asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huo husemwa sana kuhusu watu. Unafaa pia kusemwa kuhusu vyumba. Chumba cha maabara ni sehemu ya chakula hicho cha kijiji. Kikitolewa kwa mradi wa utafiti, kitolewe ili kirudishe kitu.

Sasa ndugu, mradi wa utafiti unahitaji nini hasa? Wapo wanaodhani kwamba mtafiti anahitaji meza, kiti na karatasi. Mambo sivyo yalivyo. Anayechunguza malaria anahitaji chumba cha kufugia mbu, chenye joto na unyevu usiobadilika, na milango miwili ili mbu wasitoke. Mkemia anahitaji maji, gesi, na kabati maalum la kuvutia nje hewa yenye sumu. Anayetunza sampuli za damu anahitaji majokofu yanayofikia nyuzi 80 chini ya sifuri, yanayokula umeme usiku na mchana, na jenereta la kuyalinda umeme ukikatika. Hata mchunguzi wa mambo ya jamii, ambaye hana mashine, anahitaji kabati lenye kufuli, maana wananchi waliomjibu maswali wamemwamini siri za nyumba zao. Kila moja ya mahitaji hayo ni halali. Wala hakuna linaloweza kutimizwa katika kona ya ukumbi au chini ya ngazi.

Tatizo basi si kwamba miradi inaomba vyumba. Tatizo huanza pale vyumba vinapotolewa pasipo utaratibu. Ichukuliwe idara moja ya kubuni, isiyo ya chuo chochote maalum. Mhadhiri mmoja mwenye bidii anapata fedha za mradi wa miaka mitatu. Mkuu wa idara, kwa furaha na kwa nia njema, anampa maabara ndogo ambayo wanafunzi wa mwaka wa pili waliitumia kwa mazoezi ya vitendo. Makubaliano yanafanywa kwa mdomo, ukumbini. Chumba kinapakwa rangi, kinawekwa kiyoyozi, na mlangoni kinabandikwa kibao chenye jina la mradi na nembo ya mfadhili. Miaka mitatu inapita na mradi unakwisha. Mhadhiri yule anatarajia kupata mradi mwingine, kwa hiyo ufunguo anaendelea kuuweka. Mkuu wa idara amebadilika, na huyu mpya hajui kwamba chumba kile kilikuwa cha wanafunzi. Ndani mna kompyuta chakavu, makasha ya madodoso, chupa za kemikali zisizo na majina, na jokofu bovu. Nje, ukumbini, wanafunzi wa mwaka wa pili wanafanya mazoezi kwa zamu nne mahali palipotakiwa zamu mbili, na wengine wanamaliza shahada bila kushika chombo kwa mikono yao.

Je, mwizi ni nani hapo? Hayupo. Kila mmoja alitenda kwa nia njema, lakini umma umepoteza maabara. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali iliyopotea bila habari haina hata mtu wa kuililia. Wa kulia angekuwa yule mwanafunzi, naye hakuwahi kujua kwamba ilikuwepo.

Yafaa kutazama historia, maana nchi hii ina ushahidi wake wenyewe. Mwaka 1902 wakoloni wa Kijerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Walijenga nyumba na maabara, wakapanda bustani ya miti kutoka pande nyingi za dunia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakairithi. Baada ya Vita ya Pili shughuli za utafiti wa kilimo zikahamishiwa Kenya, na mkusanyo wa mimea iliyokaushwa, uliokuwa umekusanywa kwa miaka mingi, ukapelekwa Nairobi. Mahali pale pakageuzwa kuwa kituo cha uchunguzi wa malaria. Baadaye, baada ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kuundwa kwa sheria ya mwaka 1979, kituo hicho kikawa chini ya taifa.

Amani inafundisha mambo mawili. La kwanza, jengo huishi kuliko mfadhili wake. Tawala zilipita, shabaha zilibadilika, lakini kuta zilibaki mlimani. La pili, asiye na sauti juu ya nafasi ya utafiti hana sauti juu ya matunda yake. Mimea ile iliyokaushwa ilitoka katika misitu ya watu wa Usambara, ilihifadhiwa katika ardhi yao, kisha ikaondoka kwa uamuzi ambao wao hawakuulizwa. Huo ulikuwa ukoloni, na ukoloni haukuwa na haya. Lakini taifa huru ambalo halijui katika chumba gani sampuli zake zimehifadhiwa, wala kwa makubaliano gani, linajiweka lenyewe katika hali ile ile.

Mfano wa pili ni wa lugha. Mwaka 1930 ilianzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili. Kwa miaka zaidi ya thelathini kamati hiyo ilikuwa msafiri. Ofisi yake ilikuwa Dar es Salaam, ikaenda Nairobi, ikaenda Makerere, ikaenda Mombasa. Mwaka 1964 ndipo kazi hiyo ilipotua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kupata makao, na hatimaye ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Kutoka katika makao hayo ilitoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo walimu wengi wameitumia madarasani. Mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na Idara ya Kiswahili, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Kamusi haitungwi kwa mwaka mmoja. Inahitaji kadi za maneno zikusanywe, zipangwe, zihifadhiwe, na zirudiwe na watu wengine baada ya wale wa kwanza kustaafu. Fedha za mradi huja kwa miaka miwili au mitatu, ilhali kazi yenyewe ni ya vizazi. Kinachounganisha mradi mmoja na mwingine ni mahali pa kudumu.

Kwa hiyo asifikiri mtu kwamba hoja hapa ni kuwafukuza watafiti vyumbani. Zipo kazi zinazostahili makao ya kudumu, na zipo zinazostahili makao ya muda. Kazi ya uongozi ni kuzitofautisha, na kusema wazi ipi ni ipi tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba nchi zilizoendelea hazina shida hii, kwani zina majengo tele. Si kweli. Katika chuo cha MIT, nchini Marekani, mwaka 1943 lilijengwa jengo la mbao la ghorofa tatu kwa ajili ya utafiti wa rada wakati wa vita. Liliitwa Jengo Namba 20. Lilikusudiwa kuwa la muda tu, libomolewe vita vikiisha. Lakini baada ya vita chuo kilijaa wanafunzi na miradi, nafasi ikawa adimu, na jengo lile la muda likadumu hadi 1998. Lilivuja, lilikuwa na joto kali kiangazi, na halikuwa na sura. Hata hivyo watafiti walilipenda, kwa sababu lilikuwa la mbao: aliyetaka kupitisha waya alitoboa ukuta, na aliyetaka nafasi zaidi aliondoa ukuta. Humo walikaa bega kwa bega wataalamu wa fizikia, wa mawasiliano na wa isimu, na kazi kubwa zikatoka humo.

Watu wengi hulitaja jengo hilo kama sifa kwa fujo. Hilo ni kosa la kusoma. Jengo Namba 20 halithibitishi kwamba utaratibu ni mbaya. Linathibitisha kwamba nafasi ya utafiti ni lazima iweze kubadilika, na kwamba kuta zisitukuzwe kuliko kazi. Utaratibu mzuri ndio unaoruhusu mabadiliko hayo, kwani asiyejua vyumba vyake viko vingapi na nani yumo hawezi kumhamisha mtu wala kumpa nafasi.

Kuhusu gharama, Marekani ina somo jingine, na somo hilo lina pande mbili. Tangu wakati wa Vita ya Pili serikali ya nchi hiyo ilikubali kwamba anayelipia utafiti chuoni hana budi kulipia pia sehemu ya umeme, maji, usafi, ulinzi, maktaba na uchakavu wa majengo. Ili kujua sehemu hiyo ni kiasi gani, chuo hufanya sensa ya vyumba: kila chumba huandikwa ukubwa wake, nani anakitumia, na kwa kazi gani, kufundisha au mradi. Huo ndio upande mzuri. Upande wa pili ulionekana mwaka 1991, wakati chuo cha Stanford kilipohojiwa na kamati ya Bunge la Marekani. Iligunduliwa kwamba miongoni mwa gharama zilizodaiwa kwa jina la utafiti zilikuwamo gharama za mashua ya starehe. Rais wa chuo akatangaza mwaka huo huo kwamba atajiuzulu, na serikali ikaweka kikomo cha asilimia 26 kwa sehemu ya gharama za utawala. Fundisho ni kwamba gharama za nafasi zidaiwe, lakini zidaiwe kwa ukweli, maana anayedai kwa hila huharibu hata madai yake ya haki.

Hesabu yenyewe si ngumu, na yafaa kila mtumishi wa umma aielewe. Tuseme ghorofa moja ina meta za mraba 400, na mradi unatumia vyumba vyenye jumla ya meta 60. Hiyo ni asilimia 15. Tuseme gharama za ghorofa hiyo kwa mwaka ni shilingi milioni 40, yaani milioni 24 za umeme na milioni 16 za usafi, ulinzi na matengenezo. Kwa hesabu ya eneo peke yake, mradi ungelipa asilimia 15 ya jumla, yaani milioni 6. Lakini mradi una majokofu yasiyozimwa, na mita ya umeme ikifungwa inaonyesha kwamba unatumia theluthi moja ya umeme wote. Basi sehemu yake ya umeme ni milioni 8, na sehemu yake ya mengineyo ni milioni 2 na laki 4. Jumla ni milioni 10 na laki 4. Tofauti ni milioni 4 na laki 4. Kama mradi haulipi, fedha hizo hazitoki mbinguni. Zinatoka katika fungu la kemikali za mazoezi, la vitabu, la kutengeneza paa la darasa. Yaani mwanafunzi wa Tanzania anamfadhili mfadhili, wala hakuna aliyemwambia.

Aidha, ikiwa chumba kinatumiwa na mradi siku tatu na kufundishia siku mbili kwa juma, ni haki mradi ulipe tatu ya tano tu ya gharama za chumba hicho. Utaratibu wa haki haumwonei mgeni. Humfanya alipe alichotumia, na mwenyeji naye abaki na chake.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi kubwa linalosikika kila mara: wafadhili wakiambiwa walipie nafasi watakwenda kwingine. Pingamizi hili lazima lijibiwe kwa makini, kwani lina chembe ya ukweli. Wapo wafadhili wanaoweka kikomo cha gharama za aina hiyo. Lakini mfadhili anayetaka kuchunguza malaria ya Bonde la Kilombero, au maji ya Ziwa Tanganyika, au matumbawe ya Unguja, hawezi kuyachunguza kwingine. Mbu, maji na matumbawe ni raslimali ya hapa. Mwenye raslimali anayezungumza kama mwombaji amejivua nguvu kabla ya kukaa mezani. Na kama mfadhili kweli hawezi kulipa kwa fedha, zipo njia nyingine: akarabati maabara ya wanafunzi, aache mashine zikiwa na vipuri na mafundi waliofunzwa, awachukue wanafunzi wa shahada za juu, afungue chumba chake kwa mazoezi siku mbili kwa juma. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Humfanya kuwa mtu wa nyumbani.

Pingamizi la pili hutoka kwa wahadhiri wenyewe. Wanasema kwamba kamati na rejesta ni urasimu, na urasimu huua utafiti. Malalamiko hayo nayo yasipuuzwe. Mhadhiri aliyehangaika usiku kuandika maombi ya fedha, kisha akasubiri miezi sita kupewa chumba wakati saa ya mradi inakimbia, ana haki ya kukasirika. Kwa hiyo utaratibu unaopendekezwa uwe mfupi na wenye tarehe. Ombi la nafasi liandikwe pamoja na ombi la fedha, si baada yake. Kamati ijibu kwa muda uliowekwa. Isipojibu, ieleze kwa nini. Urasimu mbaya zaidi ni ule usio na maandishi, ambao humlazimisha mhadhiri kijana kubembeleza mlangoni kwa mwenye cheo, wakati mwenye sauti kubwa ana vyumba vitatu na yeye hana hata rafu.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, mambo yaliyotokea mwaka 1925 au 1945 yanaweza kuonekana ya mbali. Basi na tutazame ya mwaka 2025. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilitoa amri ya kusimamisha misaada yake ya maendeleo kwa siku 90, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa rasmi. Miradi mingi duniani, na katika Afrika, ilisimama karibu kwa siku moja. Mwezi Februari shirika la utafiti wa afya la nchi hiyo, NIH, lilitangaza kwamba litalipa asilimia 15 tu ya gharama zisizo za moja kwa moja kwa vyuo vyote, na vyuo vya Marekani vyenyewe vikakimbilia mahakamani, ambako amri hiyo ilizuiwa. Ikiwa chuo cha Boston kinaweza kutikiswa na kalamu ya ofisi moja, je, maabara ya Dar es Salaam au Morogoro?

Mfadhili anapoondoka ghafla, ndipo thamani ya daftari inapoonekana. Chuo chenye rejesta hujua asubuhi ya pili ni vyumba vingapi viko wazi, ni majokofu gani yana sampuli ambazo haziwezi kuachwa ziyeyuke, ni kemikali gani zinahitaji kuondolewa kwa usalama, na ni mali ipi sasa ni ya chuo. Chuo kisicho na rejesta huanza kutafuta funguo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa mfadhili ni mzuri na una nakshi, lakini ni wa kupita. Mbacha wa nyumbani ndio utakaobaki kukaliwa.

Nini basi kifanyike? Mambo sita yanatosha kwa kuanzia.

Kwanza, kila chuo kiwe na rejesta moja ya vyumba vyote: namba, ukubwa, mtumiaji, kazi, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Rejesta hiyo ihakikiwe kila mwaka kwa kutembea na kufungua milango, si kwa kujaza fomu mezani.

Pili, itamkwe wazi kwamba chumba ni mali ya chuo kizima. Si mali ya idara, wala ya mhadhiri, wala ya mradi. Idara hupewa dhamana, na dhamana hutolewa hesabu.

Tatu, kila mkataba wa mradi uwe na ukurasa wa nafasi: vyumba gani, kwa muda gani, kwa malipo au mchango gani, nani atahamisha mashine na uchafu mradi ukiisha. Chumba kirudishwe kikiwa kisafi, na mitambo iliyoandikishwa. Mali chakavu ya umma iondolewe kwa utaratibu wa sheria, isiachwe ikijaza vyumba kwa miaka kumi kwa sababu hakuna aliyethubutu kutia sahihi.

Nne, chumba cha kufundishia kisigeuzwe cha mradi mpaka kwanza imeonyeshwa wanafunzi watafanyia wapi mazoezi yao. Sharti hili lisiwe na msamaha.

Tano, kamati ya nafasi iwe na watu wa pande zote: watafiti, walimu, mafundi wa maabara, watu wa majengo, mhasibu, na wanafunzi. Fundi wa maabara anajua ni chumba gani hakijafunguliwa tangu mwaka juzi. Mkuu wa kitivo hajui.

Sita, majengo mapya yapangwe yakiwa na vyumba vya ziada visivyo na mwenyewe, vya kukaribisha miradi na kuiaga. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, na vyuo vingi vya umma vikapata fursa ya kujenga. Mkopo ni deni, na deni litalipwa na mkulima wa pamba na mfanyakazi wa bandari. Majengo hayo yasiingie katika mikono ya mazoea ya zamani.

Ipo sababu ya kuwaambia maneno haya walimu wa shule na watumishi wa ofisi za wilaya. Jambo hili haliishii chuoni. Katika shule ngapi ipo stoo iliyofungwa, yenye mali ya mradi uliokwisha, wakati darasa la tatu linasomea chini ya mwembe? Katika ofisi ngapi zipo kompyuta za programu fulani zisizoguswa, kwa sababu mwenye ufunguo alihamishiwa mkoa mwingine? Mwalimu mkuu anayeiandika stoo hiyo, anayeuliza, anayeifungua na kuwapa watoto nafasi, anafanya kazi ile ile inayotakiwa kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Tofauti ni ukubwa wa jengo tu.

Kujitegemea, kama ilivyofafanuliwa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, hakukuwa na maana ya kukataa kila msaada. Kulikuwa na maana ya kutoufanya msaada kuwa msingi. Msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na ndani ya neno uongozi limo hata hili la kujua funguo za nyumba yako ziko wapi. Taifa lenye wataalamu, lakini lisilojua wanafanyia kazi chumba gani na kwa makubaliano ya nani, limejenga nyumba likasahau kuhesabu milango.

Siku moja, katika maabara ile ya mfano, mtu atafungua kufuli, atatoa nje jokofu bovu na makasha, atafagia, na atawaita wanafunzi wa mwaka wa pili waingie. Hapatakuwa na mgeni rasmi wala utepe wa kukatwa. Lakini siku hiyo mwananchi atakuwa amerudishiwa chumba chake, na utafiti utakaofuata humo, hata ukilipiwa na mfadhili wa mbali, utakuwa ni utafiti wake.